Baraka Niliyoitoa Malaba

Kamukuywa, kupitia Bungoma,
Machi 1954.

Kwa ndugu yangu mpendwa, Mzee Gicheru,

Pokea salamu zetu sote wa nyumba hii. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, wewe na mama Waruguru, na kwamba kile kikohozi cha vumbi kilichomsumbua tangu Januari kimemwachia. Sisi hapa hatujambo. Mvua ya kwanza imenyesha na tumeanza kupanda mahindi upande wa mtoni. Mke wangu Wilkista anawasalimu sana.

Nakuomba uisome barua hii ukiwa peke yako, na mlango wa karakana umeufunga. Sikuipeleka posta, kwa maana siku hizi za hali ya hatari barua zinazokwenda kwa watu wa kabila lako hufunguliwa njiani. Anayekuletea ni dada yangu Sellah, ambaye unamfahamu, naye ameifunika kwa ndizi. Ukimaliza kuisoma, itie motoni unapochemshia gundi yako.

Kabla sijasema neno lingine: mwanao Ngari yu hai, ni mzima, na yuko nyumbani kwangu. Leo asubuhi amekunywa uji na kuongeza. Nimelitanguliza hilo kwa sababu najua umekwisha kusikia kwamba wenzake wamerudi chuoni na yeye hakuonekana. Lakini katika kumlinda nilitoa kitu ambacho hakikuwa changu peke yangu, na sasa yeye mwenyewe anataka kuniponyoka. Nivumilie nikueleze kwa utaratibu, maana sikuzoea kuandika kwa kurukaruka.

Unakumbuka jinsi safari ile ilivyoanza. Bwana Pelling, anayewafundisha vijana wetu uhandisi pale chuo cha ufundi, alitaka wauone ukuta mkubwa unaojengwa Jinja kuyazuia maji ya Nile. Wazazi wengi walikataa. Walisema Uganda ni nchi ya watu, na Mzungu peke yake hawezi kuwachunga vijana wasiojua kukataa chakula cha mgeni. Ndipo nilipoombwa, mimi mwalimu wa Kiswahili na hesabu, kwenda kama mzee wa safari. Nawe ukaniletea neno kwamba Ngari aende ikiwa mimi ninakwenda, na kwamba unamtia mkononi mwangu. Nikajibu kwamba nimempokea. Neno hilo nimelala nalo na kuamka nalo tangu siku ile.

Kibali cha Ngari kilimtoa Bwana Pelling jasho. Wengine wote waliandikwa katika karatasi moja ya chuo, lakini Mkikuyu hapandi garimoshi siku hizi bila karatasi yake ya peke yake, na Bwana Pelling alizunguka ofisi nyingi kabla ya kuipata. Alipoipata, aliitia pamoja na kipande cha kijana, chenye jina na alama za vidole vyake, katika mfuko wa ndani wa koti lake, akaupigapiga mfuko na kusema kwamba hapo hapatoki kitu. Nilimwamini.

Jinja tulikaa vizuri. Siwezi kukuficha kwamba mimi mwenyewe nilishangaa. Ukuta ule ni mrefu kuliko jengo lolote nililoliona, na ndani yake mna njia ya watu kupita, yenye taa, na kuta zake zinatoka jasho kama kuta za kisima. Mhandisi mmoja alitutembeza. Vijana waliandika kila kitu, lakini Ngari alikuwa akigusa. Aliigusa saruji kama wewe unavyougusa ubao kabla ya kuupiga randa. Kisha akamwuliza yule mhandisi, kwa heshima, kwamba milango yote ya maji ikifungwa na mvua isikome huko juu, maji yatakwenda wapi. Mhandisi akamtazama kidogo, akasema kwamba maji hayakosi njia, na kwamba kazi yao wao si kuyazuia bali kuyachagulia njia kabla hayajajichagulia yenyewe. Kipkoech, kijana mmoja wa chuo asiyeweza kunyamaza hata kanisani, akasema kwamba basi hayo maji yana akili kumshinda Ngari, ambaye tangu mwaka juzi anajua njia moja tu, ya Kamukuywa kwa mwalimu. Wote wakacheka. Mimi nilijifanya sikusikia, lakini nilifurahi moyoni. Nilikuwa nikimwona pale akijenga daraja la mto wetu, na binti yangu Nasambu akimletea chakula kazini, kama tulivyokubaliana wewe nami.

Siku ya mwisho Bwana Pelling aliteleza katika ngazi za ndani ya ukuta, akateguka kifundo cha mguu. Wakampeleka hospitali. Akaniambia kwamba tiketi zetu ni za siku ile, kwa hiyo niwapeleke vijana nyumbani, naye atafuata akiweza kukanyaga. Nilikagua mablanketi, nilikagua sufuria, nilikagua tiketi mara mbili. Koti la Bwana Pelling lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango wa hospitali, nami nililiona, nikatoka.

Tulipofika Tororo ndipo Ngari aliponisogelea na kuniambia polepole, bila kunilaumu, kwamba karatasi zake zimebaki katika koti. Alisema ashuke, arudi Jinja peke yake. Nikaangalia kile kituo, na watu wasiomjua, na askari waliosimama penye tangi la maji. Nikafikiri kwamba Mkikuyu asiye na karatasi, akiwa peke yake katika nchi ya watu, atakamatwa kabla ya jua kutua, na mimi nitasimama mbele yako nikisema nini? Nikamwambia akae karibu nami. Nilitumaini kwamba mvi zangu zingetosha. Kutoka Tororo hadi mpakani ni mwendo mfupi, lakini jasho lilinitoka hata kola ya shati ikalegea.

Malaba garimoshi lilisimama, na polisi wakaingia. Afisa wao alikuwa Mzungu kijana, mwenye uso mwekundu, na mbele yake alitangulia askari wa kwetu. Nikamtambua. Ni Barasa, niliyemfundisha shule ya misheni, na ambaye nilimchapa mara nyingi kwa kusema uongo. Nilipomwona sikujua kama nishukuru au niogope.

Barasa alisoma karatasi ya chuo, akawahesabu vijana, akaona kwamba mmoja amezidi. Akauliza kwa sauti ya juu, ili mkubwa wake asikie, ati huyu mrefu ni wa nani, mbona hayumo, na kipande chake kiko wapi. Nikasikia ulimi wangu ukisema, kabla mimi sijaukubali, kwamba huyo si wa chuo. Ni mwanangu, nimekuja naye anibebee mizigo, na kipande chake kiko nyumbani. Ngari aliinuka pale pale akaushika mkoba wangu. Kipkoech naye akadakia kwamba hilo halihitaji hata kuulizwa, si wamwangalie tu anavyokunja uso akila ndizi, ni mwalimu mtupu. Behewa zima likacheka, hata yule afisa akatabasamu ingawa sidhani alielewa.

Lakini Barasa hakucheka. Aliniinamia, akaniambia kwa Kibukusu kwamba watoto wangu anawajua wote, na wote ni mabinti. Akasema hataki kujua zaidi. Ila wale kina mama waliojaa behewa, waliokuwa wakitoka sokoni Tororo, wamesikia, na kesho mtu anaweza kumwuliza yeye kwa nini alimwachia mgeni apite. Kwa hiyo, ikiwa ni mwanangu, nimbariki hapo mbele ya watu kama baba anavyombariki mwanawe kwetu, na baada ya hapo hakuna Mbukusu atakayemwuliza neno.

Ndugu yangu, sisi wa kanisa la Marafiki hatuapi. Ndiyo yetu ni ndiyo. Nawe unajua kwamba tangu niyapokee mafundisho yale nimejitenga na mambo mengi ya zamani. Lakini baraka ile naijua. Baba hutia kinywaji kinywani, akampulizia mwanawe kifuani, akamwita kwa jina la babu yake, akautaja ukoo na kumkabidhi kwao walio hai na waliokufa. Nilikuwa na chupa ya chai iliyopoa. Nikamfungua Ngari vifungo vya shati, nikampulizia. Nikamwita Khaemba, jina la marehemu baba yangu. Nikautaja ukoo wetu, nikataja mto tunaokunywa, nikasema kwamba aliyemgusa huyu amenigusa mimi. Sikuacha hata neno moja. Mama mmoja akapiga vigelegele. Mwingine akamwambia jirani yake kwamba kumbe mwalimu, pamoja na ukali wake wote, alikuwa na dume amelificha mahali.

Polisi wakashuka. Garimoshi lilipoanza kusogea, Barasa alitembea kando ya dirisha langu, akasema kwa sauti ya chini maneno ambayo hayanitoki: "Mwalimu, si ungemung'unya maneno tu? Ningesikia nusu, ningetosheka. Sasa umeyamaliza yote."

Wakati ule sikumwelewa. Nilichojua ni kwamba mtoto wako amevuka. Tuliposhuka Bungoma sikumwacha aende na wenzake chuoni, kwa sababu chuoni anajulikana kwa jina lake. Nilimchukua kwa lori hadi hapa, nikiwaza kwamba Bwana Pelling akirudi na zile karatasi, mambo yote yatakuwa kama yalivyokuwa.

Bwana Pelling amerudi, anatembea kwa fimbo. Aliniletea kibali kwa mkono wake, akasimama uani bila kuingia ndani. Lakini muda wa kibali ulikuwa umekwisha yeye alipokuwa hospitali. Alikwenda kuomba kingine, akaambiwa kwamba sasa havitolewi, na kwamba Mkikuyu yeyote anayeonekana nje ya mahali alipoandikishwa anapelekwa kizuizini kwanza, maswali baadaye. Aliniomba radhi, nami nilimwambia kwamba kosa tuligawane. Sikumweleza ya Malaba. Kwa hiyo leo Ngari wa Gicheru hana mahali pa kukanyaga katika wilaya hii. Khaemba wa Wabwile anapo.

Na hapa ndipo ilipo shida ambayo nimeizunguka tangu mwanzo wa barua.

Habari za behewani zilifika Kamukuywa kabla yangu. Kesho yake wazee wa ukoo walikuja, wakiongozwa na Mzee Nyongesa, ambaye ndiye mkubwa wetu sote. Walikuja na jogoo. Nilidhani wamekuja kunikaripia. Kumbe wamekuja kufurahi. Mzee Nyongesa alisema kwamba kwa miaka mingi wamekuwa wakiona aibu kuniuliza nyumba yangu itabaki na nani, mimi niliyezaa mabinti na kukataa kuoa mke wa pili kwa ajili ya kanisa, na kwamba sasa nimewajibu. Alimshika Ngari mabega, akamgeuza huku na huku kama anayenunua ng'ombe, akasema mikono mirefu lakini jembe litaijaza.

Nasambu ndiye aliyeleta maji ya kunawa. Alikuwa akimmiminia Mzee Nyongesa, na mzee, huku akinawa, akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba ile posa ya fundi wa Kitale, yaani yako, sasa imekufa yenyewe, na ni vyema niwaarifu watu wale mapema ili wasiendelee kungoja. Binti na mwana wa baba mmoja hawaoani. Nikasema kwamba baraka ile ilikuwa njia ya kumvusha kijana, na Mungu anajua nia yangu. Mzee Nyongesa akaniuliza kama niliitoa nusu au nzima. Sikuweza kusema nusu. Akasema kwamba iliyotolewa nzima ni sawa na damu, na kwamba ya kuirudisha ni moja tu: nisimame barazani mbele ya chifu na watu, niseme kwamba nilidanganya, na kwamba huyu si wangu. Yeye hatanizuia. Lakini je, chifu atamfanya nini kijana baada ya hapo? Mikono ya Mzee Nyongesa ilikuwa imekwisha kutakata, na Nasambu alikuwa bado anamimina. Aliendelea kumimina hata beseni likafurika, maji yakaenda chini ya viti, na hakuna aliyemwambia aache.

Ngari hajui Kibukusu chote, lakini alimtazama Nasambu usoni akaelewa.

Siku zilizofuata alikaa kama mwana wa nyumba. Analima, anakula, anashukuru. Jioni moja alinijia, akaniambia jambo ambalo ndilo limenikalisha niandike. Anataka kwenda mwenyewe kwa polisi Bungoma, kwa jina lake. Amesema kwamba akienda kizuizini akiwa Ngari, siku moja atatoka akiwa Ngari, na atakuja kumwomba Nasambu upya. Lakini akikaa hapa akiwa Khaemba, atakuwa hai na hatakuwa naye milele. Alisema haya kwa utulivu, kama anayehesabu uzito wa boriti. Nikamwambia kwamba wengine waliopelekwa huko hatujasikia habari zao. Akajibu kwamba anajua. Tangu siku ile Wilkista ameficha viatu vya kijana, na usiku mimi nalala karibu na mlango. Lakini mtu mzima hafungwi kwa viatu.

Juzi, nikiwa bondeni, askari wa chifu walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza wageni. Ngari alikuwa akilima mbele ya nyumba. Wilkista, aliyekuwa jikoni, ameniambia kwamba alimwona kijana akilaza jembe chini na kujinyosha, kama mtu aliyekwisha kata shauri, na askari wakamwuliza yeye ni nani. Kabla hajafungua kinywa, Nasambu alitoka ndani na debe la mbegu kichwani. Akasema kwamba huyo ni kaka yake, Khaemba, mvivu kuliko wote waliozaliwa nyumba hii, na kama hawana kazi nyingine walishike wao jembe lake, kwa sababu tangu asubuhi amelima mstari mmoja na nusu na mvua haimngojei. Askari walicheka, wakamwambia Khaemba kwamba dada kama huyo ni mkubwa kuliko chifu, wakaenda zao. Ngari aliokota jembe. Wilkista anasema kwamba Nasambu aliangusha mbegu mstari mzima nyuma yake, wala hakumtazama. Kisha akaingia jikoni, akakaa mbele ya moto uliokwisha kuzimika.

Tangu hapo hamwiti kwa jina lingine. Ni kaka, kaka, kuanzia asubuhi. Nilipomwuliza kwa upole kama anajua anachofanya, alinijibu kwamba mimi nilimvusha Malaba, na yeye anamvusha hapa.

Basi, ndugu yangu, mimi nimetumia neno langu lote na halimzuii. La Nasambu linamzuia mchana, lakini sijui kwa siku ngapi. Limebaki lako. Wewe ndiwe uliyemzaa, na hata Mzee Nyongesa amekiri kwamba baba aliye hai akimdai mwanawe, ukoo wetu hauna la kusema. Ukimtaka abaki na jina lake, na yatakayompata yampate akiwa wako, nitasimama barazani niirudishe baraka yangu, na nitakwenda naye Bungoma kwa miguu yangu, nami nitabeba adhabu ya uongo nilioutoa. Ukikubali akae hapa hadi nchi itakapopoa, akiwa mwanangu kwa yote, pamoja na lile ambalo haliwezi kurudi, basi usiandike chochote. Mpe Sellah ile randa ndogo uliyomfundishia Ngari akiwa mtoto, aifunge katika kitenge. Nitamwekea kijana mezani. Ataelewa kwamba ni wewe uliyemwambia akae. Sellah atarudi Jumamosi, na hadi Jumamosi nitalala mlangoni.

Sijui utamwambiaje mama Waruguru. Mwambie kwanza kwamba anakula.

Jirani yenu Jepkoech, aliyenipa maziwa nilipopita Kibomet mara ya mwisho, mpe salamu. Wasalimu na waumini wote wanaonifahamu. Nasambu amesema nikuandikie kwamba anawasalimu wewe na mama, na nilipomwuliza kama hana neno zaidi, akasema salamu zinatosha.

Utakuwa umeona kwamba mwanzoni sikukuita mkwe, kama nilivyozoea tangu Pasaka ile mlipokuja kwetu. Sikusahau. Nilikaa na kalamu muda mrefu juu ya neno hilo, kisha nikaandika ndugu.

Ni mimi nduguyo katika Kristo na katika mwana mmoja,

Wabwile